Nilimwambia Papa Picha Iko Vilevile

Mama Agathe mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nyuma ya meza yangu ya vitenge sokoni, wateja wananipita na siwaiti, kwa sababu jambo hili siwezi kuliandika nyumbani wakati mhusika mwenyewe amekaa sebuleni na macho ameyafumba, na kabla sijaanza naomba unijibu swali moja ambalo utaliona la kijinga, lakini usicheke mpaka umalize barua: je, kwenye televisheni ya nyumbani, ile picha kali wanayoiita 4K ina tofauti yoyote na picha ya kawaida, au ni maneno ya wauza vyombo vya umeme tu? Nauliza kwa sababu kama hakuna tofauti basi mimi sikusema uongo, na kama ipo, mama, mimi nimempofusha baba yangu mzazi.

Nitajiita Kavira, na wengine wote pia nimewabadilisha majina. Naishi hapa Bunia na mume wangu Élisée, anayeuza vipuri vya pikipiki, na tunakaa na baba yangu, Papa Ambroise. Papa ni mtu wa Butembo aliyeingia msitu wa Epulu akiwa kijana akitafuta kazi ya miezi mitatu, akakaa miaka ishirini na sita akilinda okapi, yule mnyama wa msituni mwenye mistari miguuni kama punda milia. Hakuwa mtu wa bunduki sana. Kazi yake ilikuwa kusoma mistari. Wambuti, wenyeji wa msitu ule, waliomfundisha msitu walimwonyesha kwamba hakuna okapi wawili wenye mistari sawa kwenye mapaja, kama vile mimi na wewe hatuwezi kuwa na alama moja ya kidole, na yeye akawa anawachora kwenye makaye, yaani madaftari ya shule, paja la kushoto ukurasa huu, paja la kulia ukurasa ule, jina juu, kila mnyama aliyemwona, mpaka akajaza sanduku zima. Wenye silaha walipoingia kituo cha walinzi, makaye yaliungua pamoja na nyumba. Papa alifika Bunia na suruali aliyoivaa, na tangu siku ile hakulitaja neno okapi mbele yetu, nasi hatukumuuliza.

Mwaka huu mdogo wangu Olivier, aliye Kinshasa, alitutumia televisheni mpya na kisanduku kidogo cha kuchomeka nyuma yake, kile kinachovuta filamu kutoka intaneti, akamwelekeza Élisée kwa simu aweke ubora wa juu kabisa. Jumapili moja tumetoka misa, tunakula, Élisée anatafuta mpira, akapita kwenye filamu ya msitu iliyopigwa na kamera zilizofungwa kwenye miti, mnyama anapita mwenyewe bila kujua kwamba anatazamwa. Akatoka okapi.

Mama Agathe, mimi nimeuza vitenge miaka kumi na mbili na najidai kwamba najua rangi, lakini ile rangi ya mgongo wake sijawahi kuikunja wala kuipima, kahawia inayoelekea zambarau, inang'aa kana kwamba amepakwa mafuta dakika hiyo, na niliona tone la maji limening'inia kwenye ncha ya sikio lake, tone moja, likadondoka, na akatoa ulimi mrefu wa bluu akajipangusa jicho lake mwenyewe, na unywele mmoja mmoja wa kope ulionekana. Nilizaliwa mwendo wa saa chache tu kutoka kwa mnyama huyu na sikujua kwamba Mungu alikuwa ametengeneza kitu cha namna ile pembeni ya nyumba yetu. Nilisahau mkono wangu ndani ya sahani.

Papa aliinuka. Alichukua kigoda chake akaenda akakiweka hatua moja kutoka kwenye kioo, akamwambia Élisée asimamishe. Élisée akasimamisha. Papa akanyoosha kidole bila kugusa, akakipitisha juu ya lile paja polepole kama mtu anayefuata maneno ya Injili, kisha akasema, "Huyu ni Bijou. Angalia mustari ya tatu, inagawanyika sawa vile barabara pale Komanda: moja Beni, moja Mambasa. Miye njo nilimutosha kamba ya mutego ku muguu, angali mutoto. Nilizani alikufa."

Tulikuwa hatutafuni. Élisée akaachia picha iendelee kidogo, na nyuma ya Bijou akatoka mtoto, mdogo, miguu mirefu kuliko akili, na mistari yake mipya inameremeta. Papa alimtazama muda mrefu sana. "Uyu simujue," akasema. "Uyu hakuna mutu anamujua bado." Na machozi yakamtoka, mama, mbele ya mkwe wake, na hakuyafuta.

Kesho yake alinunua kaye na kalamu ya risasi. Kila siku alikuwa anakaa pale kwenye kigoda, anasimamisha picha, anachora mstari mmoja, anafuta, anachora tena, kwa sababu mtoto yule anaonekana sekunde chache tu na paja la kulia linajificha kwenye majani. Akaanza kunyoa ndevu kila asubuhi. Akaanza kutusimulia usiku gani alimfuata dume gani, na mimi, binti yake, nikawa namfahamu baba yangu kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na nane.

Habari zikafika Epulu. Rémy, ambaye papa alimfundisha zamani na sasa ni mkubwa wa walinzi wapya, akapiga simu akasema njoo, papa, ukae nasi miezi mitatu, vijana wana mashine na ramani lakini hakuna aliyebaki anayejua kusoma mistari, na barabara sasa imetulia. Papa alikubali kabla Rémy hajamaliza kusema, akaanza kuuliza bei ya buti za mvua.

Barabara hiyo, mama, inapita Komanda. Kaka yangu Aimé alipanda lori kwenda Mambasa na tukazika sanduku ambalo tulikatazwa kulifungua. Watu wanasema siku hizi kuna amani, na ni kweli, ipo, lakini ni amani ambayo mtu akiamka anauliza kwanza kwa jirani kama bado ipo. Nilimsihi papa, akanijibu kwa upole kwamba Bijou amekaa katikati ya mambo hayo yote na amezaa.

Sasa sikia lililofuata. Wiki ileile mega za intaneti zilikuwa zinakwisha kabla ya Alhamisi, na fundi mmoja wa butiki ya vyombo vya umeme akamwambia Élisée kwamba kwa televisheni ya ukubwa wa kwetu hakuna macho ya binadamu yanayotofautisha, ashushe tu ubora mpaka 480. Élisée akashusha, bila roho mbaya. Jioni tukaangalia kwaya na mpira, majirani walikuwepo, hakuna hata mmoja aliyesema kitu, na mimi mwenyewe sikuona kasoro. Asubuhi papa akaweka kigoda chake, akasimamisha picha pale pake. Akakaa. Akapangusa kioo kwa upindo wa shati. Akapangusa macho yake. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena, kisha akageuka kwangu.

"Kavira, muligusa kitu ku televizyo?"

Telekomande, rimoti ya televisheni, ilikuwa mfukoni mwangu. Nilijua. Nikasema, "Hapana, papa. Picha iko vilevile."

Akasema, "Basi njo macho yangu inaisha," akafunga kaye. Kesho yake alimpigia Rémy simu akamwambia atafute mwalimu anayeona. Na mimi, mama, nilikwenda jikoni nikamshukuru Mungu. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Hiyo ni miezi miwili sasa. Nilifikiri atahuzunika kidogo kisha atazoea, lakini baba yangu ameamua kwamba ni kipofu. Anatembea akipapasa ukuta. Ndevu ameziacha. Kanisani anampa jirani kitabu cha nyimbo, eti asome yeye. Juzi nilimwona ameokota sindano niliyoiangusha sakafuni, akaniwekea mezani, halafu akaomba nimshike mkono hadi mlangoni. Na wiki iliyopita alinipa ile kalamu ya risasi, akasema nimpe mtu mwenye macho. Naitunza kwenye mkoba wangu, na sasa hivi ndiyo ninayoandikia barua hii.

Élisée anasema niache, baba aliyefumba macho nyumbani ni bora kuliko baba aliyefumbua macho kwenye mtaro wa Komanda, na nikikumbuka sanduku la Aimé naona ana haki. Lakini sipati usingizi. Kama fundi alisema kweli, kwamba tofauti haionekani, basi niambie, niweke moyo chini. Kama hakusema kweli, niambie vilevile, na uniambie nifanye nini.

Ni mimi,
Kavira, Bunia

*

Kavira, binti yangu,

Barua nyingi za kuomba ushauri zinazofika meza hii ni za waume waliopotelea machimboni na simu zinazofichwa chini ya godoro. Yako niliianza nikiwa nimesimama, ikanibidi nikae, nikairudia. Kumbe katika mji huu, kati ya pikipiki na magari ya mashirika, amekaa mzee anayelitambua paja la mnyama kama sisi tunavyotambua mwandiko wa mama zetu, na tunapishana naye njiani bila kumwamkia. Nimestaajabu na bado nastaajabu. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu nikiendelea sitakuwa mpole.

Swali lako la televisheni si la kijinga, na sikutaka kulijibu kwa kubahatisha. Nilikwenda kwa rafiki yangu Joséphine, ambaye ana kisanduku kama chenu na televisheni ya ukubwa huohuo, tukaweka kwaya ya akina mama iliyopigwa vizuri. Tulikaa kwenye kanape, lile kochi lake refu. Tukashusha mpaka 480 kama alivyofanya mumeo, nikaona wamefifia kidogo, lakini wimbo uliponinogea nikasahau. Tukapandisha mpaka 1080, wakawa wazi. Tukapandisha tena mpaka 4K, na hapo, Kavira, nilikaza macho mpaka yakaniuma, sikuona kilichoongezeka. Kisha nikabeba kiti nikakaa hatua moja kutoka kwenye kioo, tukarudia yote. Kwa ile ya chini nyuso zilikuwa uji. Kwa ile ya kati niliona kitambaa. Kwa ile ya juu niliona mishono ya kola, na mama mmoja wa safu ya nyuma alikuwa ameshika mshono wake uliofumuka kwa pini ambayo naamini hata mume wake haijui.

Kwa hiyo mwenye kununua kwa ajili ya mpira na kwaya, na mwenye kukaa kwenye kanape upande wa pili wa sebule, asijisumbue na ubora wa juu kabisa. Jicho lake halitaufikia, na mega zake zitaungua bure. Tena kama filamu yenyewe haikupigwa kwa ubora huo, au kioo hakina uwezo huo, hata usukume vipi hakuna kitakachoongezeka. Fundi wa butiki hakusema uongo. Alimjibu mtu wa kanape. Baba yako hakai kwenye kanape.

Baba yako anakaa kwenye kigoda, hatua moja, na haangalii kama tunavyoangalia mimi na wewe. Sisi tunataka kujua nani amefunga bao. Yeye alikuwa anatafuta mahali ambapo mstari mmoja mweupe unakuwa miwili, na mahali hapo ndipo mlipomwondolea. Macho yake yalikuwa mazima kiasi kwamba yeye peke yake, katika nyumba nzima pamoja na majirani, aliona kwamba picha imeharibika. Akakuuliza. Ukamjibu kwamba kilichoharibika ni yeye.

Na hata hapo usijifiche nyuma ya tofauti kuonekana au kutoonekana. Mzee hakukuuliza kama 4K ina maana. Alikuuliza kama mligusa kitu. Mligusa, na telekomande ilikuwa mfukoni mwako.

Sasa vuta pumzi, kwa maana sikuoni kama mtu mbaya. Ninaijua barabara ya Komanda. Nami nina mtu wangu aliyebaki huko, na ninapoambiwa kwamba hali imetulia ninatikisa kichwa kwa adabu kisha naenda kuhesabu watoto wangu. Woga wako una sababu na una jina, unaitwa Aimé. Usimruhusu mtu akutie aibu kwa ajili yake. Lakini woga ulikuwa wako, na ulichofanya ni kuuchukua na kuutia kwenye macho ya mwingine ili yeye ndiye aubebe. Mume wako anasema mna baba aliye hai. Aende amtazame yule mzee anayepapasa ukuta wa nyumba yenye madirisha wazi, anayeokota sindano sakafuni kisha anaomba kushikwa mkono, halafu arudi anieleze ni nini hasa mlichookoa.

Utafanya hivi. Kwanza chukua flashi, nenda sayba yoyote ya intaneti mjini yenye laini nzuri, wakushushie filamu ile nzima kwa ubora wa juu kabisa. Ukiichomeka kwenye kile kisanduku itacheza bila intaneti, hata mara mia kwa siku, na mega za Élisée hazitaguswa. Hilo mngeweza kulifanya tangu wiki ya kwanza kama mngemuuliza mzee anachohitaji badala ya kumuuliza fundi.

Lakini usiichomeke bado. Hapa sikiliza vizuri, maana ndipo utakapotaka kukimbilia. Utashawishika kurudisha picha kimyakimya, asubuhi mzee akae kwenye kigoda na aone mistari yote, nawe ukae jikoni ukitabasamu. Ukifanya hivyo atadhani Mungu amemponya. Atasimama kanisani kutoa ushuhuda, watu watapiga vigelegele, nawe utakuwa kwenye benchi unapiga pamoja nao, na uongo huo hutautoa tena mpaka unamzika. Kwa hiyo sema kwanza, picha baadaye.

Sema mchana, mwanga ukiwepo, Élisée akiwa amekaa kando yako. Yeye aseme lake la kushusha ubora, wewe useme lako la kujibu hapana, kila mtu mzigo wake, bila kuzunguka na bila kumtanguliza fundi. Mwambie pia kwamba ulikwenda jikoni ukamshukuru Mungu. Hilo litamuuma kuliko yote, na ndilo litakalomfanya aelewe kwamba hukumdharau. Atakasirika. Mwache akasirike siku anazotaka, wewe pika na umpakulie kama kawaida. Kisha mpeleke kwa daktari wa macho, si kwa sababu ana ugonjwa, bali anahitaji kuambiwa na mdomo mwingine kwamba anaona, maana wa kwako kwa sasa hatauamini, na ana haki.

Kuhusu safari, mtaje Aimé mbele yake kwa sauti. Nina hakika nyumba yenu haijalitaja jina hilo kwa muda mrefu, kama vile haikuwa ikilitaja la okapi. Mwambie unaogopa. Kisha mpigie Rémy umuulize kama vijana wake hawawezi kuja Bunia na picha za kamera zao, wakae sebuleni kwako, mzee awafundishe pale kwenye kigoda. Hilo lingewezekana na nadhani hakuna aliyelifikiria. Lakini Papa Ambroise akijibu kwamba msitu unasomewa msituni, uliza wanasafiri siku gani, na nani, kwa gari lipi, halafu mnunulie buti za kumtosha. Aliipita barabara ile miaka ishirini na sita, tangu wewe ukiwa bado unajifunza kuhesabu. Uamuzi ni wake, na siku ukimrudishia macho yake lazima umrudishie na huo.

Limebaki jambo moja. Kalamu ya risasi iliyo kwenye mkoba wako usimkabidhi kwa hotuba. Ukishamaliza kuungama, naye akishamaliza hasira zake, iweke juu ya kaye karibu na kigoda. Chomeka flashi. Isimamishe picha pale mtoto anapotokea nyuma ya Bijou, miguu mirefu, mistari ambayo hakuna mtu aliyewahi kuichora, na umuulize baba yako huyu tumwite nani.

Jina hilo uniandikie. Nami nataka kulijua.

Mama Agathe